Taa ya upepo wa matairi: mwongozo kamili kwa dereva wa Mombasa

Ile taa ya manjano yenye umbo la tairi lililokatwa, na alama ya mshangao katikati, inawaka kutwa kucha kwenye magari mengi hapa Mombasa na wenyewe wameshaizoea. Utapanda gari la rafiki Nyali, utaiona. Utaita teksi ikupeleke Mtwapa, utaiona. Ukiuliza unajibiwa, "Hiyo ni sensa tu, gari liko sawa." Huenda kweli ni sensa, yaani kile kifaa cha kupimia upepo, imeharibika. Tatizo ni kwamba taa ikishakaa inawaka miezi sita, siku msumari utakapoingia kwenye tairi la nyuma mkikaribia Mariakani, hakuna kitakachobadilika kwenye dashibodi. Gari limebaki bila macho.

Mfumo huu unaeleweka na unatunzika, na kazi kubwa unaweza kuifanya mwenyewe. Tafuta geji yako ya kupimia upepo, chupa ya maji ya sabuni, na kitabu cha gari kama kilikuja nalo.

Taa huwaka ikiwa imeshachelewa

Mfumo huu ulienea kwa nguvu ya sheria. Mwaka 2000, baada ya matairi ya Firestone kuharibika barabarani kwenye magari ya Ford Explorer na watu wengi kufa, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyozaa agizo la kuweka taa hii, na kufikia Septemba 2007 agizo hilo lilikuwa limeshayafikia magari yote mapya madogo huko. Ulaya ikafuata: tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya linalouzwa huko ni lazima liwe nayo. Magari mengi madogo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakuwekewa. Ndiyo maana Vitz au Fielder iliyoshushwa Kilindini mara nyingi haina taa hii kabisa, ilhali Golf iliyotoka Uingereza inayo.

Sasa angalia hesabu. Kwa kanuni ya Marekani, taa inatakiwa kuwaka presha inapokuwa imeshuka asilimia 25 chini ya kiwango cha mtengenezaji. Ulaya ni kama asilimia 20. Gari linalotakiwa kuwa na PSI 32 (PSI ni kipimo cha presha ya upepo) linaweza kushuka hadi 24 ndipo taa iwake. Tairi lenye 26 halitawasha chochote, na hali yuko mtu analiendesha kwenda Voi na familia ndani, mizigo juu, jua la saa saba linachoma lami. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakolichemsha hadi nyuzi zake za ndani zikaachana. Kwa hiyo taa ni mlinzi wa mwisho. Mlinzi wa kwanza ni geji, na geji uwe nayo wewe.

Hatua ya 1: Jua gari lako lina mfumo gani

Washa switchi bila kupiga stata. Taa za dashibodi zitawaka zote kwa pamoja, na ile ya tairi inatakiwa kuwaka sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, ama gari halikuwahi kuwa na mfumo, ama kuna mtu ameishughulikia taa ili mnunuzi asiione. Kama unakagua gari kwenye yadi, jambo hili lifanye kabla hujazungumza bei.

Mifumo ni miwili, na kila mmoja una tabia zake.

Wa kwanza una sensa ndani ya kila tairi, imefungwa kwenye mguu wa valvu, kwa ndani ya rimu. Sensa hupima upepo na joto, kisha hutuma habari kwa mawimbi ya redio pamoja na namba yake ya utambulisho, ili gari lijue ni sensa yake na si ya gari lililoegeshwa kando. Ina betri ndogo iliyofungiwa ndani. Gari likisimama muda mrefu sensa hulala ili kuokoa betri, na gari likianza kwenda inaamka. Ndiyo maana ukijaza upepo asubuhi, taa inaweza isizime papo hapo. Endesha kidogo kwanza.

Wa pili hauna sensa ya upepo popote. Hutumia sensa za breki za ABS, zile zinazohesabu mizunguko ya magurudumu. Tairi likipungua upepo, kimo chake hupungua kidogo, kwa hiyo huzunguka haraka kuliko wenzake ili kwenda umbali uleule. Kompyuta ikiona gurudumu moja linazunguka haraka kuliko mengine, inawasha taa. Mfumo huu hauna betri wala kitu cha kuvunjika ndani ya tairi. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi kwa kulinganisha. Matairi yote manne yakipungua pamoja, polepole, kama yanavyopungua matairi yote duniani, unaweza usione chochote.

Utautambuaje ulio wako? Kama dashibodi inakuonyesha namba za kila tairi, una sensa za ndani. Valvu ya chuma iliyokazwa kwa nati kwenye rimu nayo ni dalili ya sensa ya ndani, ingawa zipo sensa zinazokaa kwenye valvu za mpira za kawaida, kwa hiyo valvu ya mpira haikuhakikishii kwamba hamna kitu. Kitabu cha gari ndicho hakimu. Kama hakipo, fundi mwenye kifaa cha kusomea sensa atakisogeza karibu na valvu na kukwambia mara moja kama kuna kitu kinaitika.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango cha mtengenezaji

Fungua mlango wa dereva, angalia nguzo ya mlango. Kuna stika yenye ukubwa wa matairi na presha ya mbele na ya nyuma. Magari ya Japani huandika kwa kPa. Hesabu zake si ngumu: kPa 220 ni karibu PSI 32, kPa 230 ni 33, kPa 250 ni 36. Magari ya Ulaya huandika kwa bar, na bar 1 ni PSI 14.5. Stika nyingi zina safu mbili, moja ya gari lenye watu wachache na nyingine ya gari lililojaa. Safu ya pili ina maana yake, wala usiiruke siku ya safari.

Ile namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linaruhusiwa kubeba. Haihusiani na gari lako. Wapo wanaojaza hadi pale wakidhani ndiyo sahihi, kisha wanashangaa gari linarukaruka kwenye matuta ya Kisauni na matairi yanaliwa katikati.

Na ile "weka thirty-five kote" ya kituo cha mafuta si kipimo cha gari lolote. Kijana wa pampu hana kosa, anajaza magari mia kwa siku. Wewe mwambie namba, mbele na nyuma.

Hatua ya 3: Pima matairi yakiwa baridi

Kiwango cha kwenye stika ni cha tairi baridi, maana yake gari limesimama angalau saa tatu au limekwenda kilomita moja au mbili tu. Kwa Mombasa, pima alfajiri kabla jua halijapiga upande mmoja wa gari.

Sababu ni joto. Kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, presha hupanda au kushuka kwa PSI 1 hivi. Ukitoka Bamburi saa nane mchana, ukakaa kwenye foleni ya daraja la Nyali, ukafika mjini, matairi yanaweza kuwa yamepanda PSI 4 au 5. Mtu akikupimia hapo, akaona 36 na akazipunguza hadi 32, kesho alfajiri una 28. Umetolewa upepo uliokuwa sahihi. Usipunguze kamwe upepo wa tairi lenye moto. Kama ni lazima ujaze njiani, jaza PSI 4 juu ya kiwango, kisha pima upya kesho asubuhi.

Hapa pana jambo ambalo maelezo ya nchi za baridi yatakupotosha. Huko huambiwa kwamba taa ikiwaka asubuhi ya kwanza ya baridi, ni hali ya hewa tu, endesha itazima. Sisi hatuna asubuhi hiyo. Tofauti ya joto kati ya alfajiri na adhuhuri hapa ni nyuzi 8 au 10, yaani chini ya PSI 2. Hata ukilinganisha adhuhuri ya kaskazi mwezi wa Februari na alfajiri ya kusi mwezi wa Julai, unazungumzia PSI 2 na kidogo. Hilo peke yake haliwezi kulitoa tairi lililojazwa sawasawa kwenye 32 likafika 24. Kwa hiyo taa ikiwaka Mombasa, chukulia kwamba upepo umetoka mahali, na utafute ulikotokea.

Geji yako iwe nzuri. Ile inayoning'inia kituoni huangushwa sakafuni kutwa nzima na hakuna anayejua mara ya mwisho ilikaguliwa lini. Pima kwa yako kabla na baada. Tairi zima hupoteza PSI 1 hadi 2 kwa mwezi bila pancha yoyote, kwa hiyo kupima mara moja kila wiki mbili kunatosha, pamoja na kila kabla ya safari. Na spea usiisahau.

Hatua ya 4: Taa imewaka njiani

Kwanza angalia imewakaje. Ikiwaka ikatulia, upepo umepungua. Ikimetameta kwa dakika moja au moja na nusu baada ya kuwasha gari, kisha ikatulia, mfumo wenyewe una hitilafu: sensa imekufa, haipo, au gari haliisikii. Watu wengi hawajui tofauti hii, kwa sababu wakati ule wa kumetameta ndio wakati wa kufunga mkanda na kurudi nyuma kutoka kwenye geti. Kesho washa gari, tulia, uitazame dakika nzima.

Ikiwaka ukiwa mwendoni, punguza mwendo taratibu, shika usukani kwa mikono miwili, usikanyage breki ghafla. Ukiwa juu ya daraja la Nyali au kwenye Makupa, usisimame pale pale kama gari bado linanyooka. Nenda polepole hadi utakapopata nafasi salama pembeni. Gari likivuta upande mmoja, au ukisikia nyuma inayumba, hapo simama mapema uwezavyo, washa taa za dharura, uweke pembetatu nyuma ya gari. Kuendelea na tairi lililolala kutalikata ubavuni na kuharibu rimu, na sensa iliyomo ndani itapondwa pamoja nayo.

Ukishasimama, pima yote manne. Usitegemee macho. Tairi la kisasa lenye ubavu mnene kidogo linaweza kuwa na PSI 22 na ukaliona zima.

Hatua ya 5: Seti upya, baada ya kujaza na si kabla

Mfumo wa sensa za ndani mara nyingi huzima taa wenyewe baada ya upepo kurudi na gari kutembea. Ule wa ABS lazima uambiwe. Unapobonyeza kitufe chake cha kuseti, unauambia, "Hivi matairi yalivyo sasa ndivyo yanavyotakiwa kuwa." Ukikibonyeza matairi yakiwa na PSI 25, utakumbuka 25 kama hali njema, na utakaa kimya hadi yashuke zaidi ya hapo. Sina jambo lingine kwenye mwongozo huu ninalolisisitiza kuliko hili. Kuseti ili taa izime tu ni kuufundisha mfumo uongo.

Utaratibu: pima asubuhi, jaza kila tairi kwa kiwango cha stika, funika valvu, kisha seti. Kwenye Toyota nyingi zilizo na mfumo huu kuna kitufe kilichoandikwa SET, mara nyingi chini ya usukani au ndani ya kisanduku cha dashibodi. Washa switchi, kibonyeze ukishikilie hadi taa imetamete mara tatu, kisha uachie. Kwenye Volkswagen zenye mfumo wa ABS, kitufe au menyu ya kuhifadhi presha inafanya kazi hiyohiyo. Honda za mfumo huo huanzishwa kwenye menyu, kisha zinahitaji kuendeshwa jumla ya nusu saa hivi kwa mwendo wa kati ya kilomita 40 na 100 kwa saa ili zijifunze. Foleni ya mjini haikusaidii hapo. Kwenda Mtwapa na kurudi mapema Jumapili kutatosha.

Fanya hivyo pia kila unapobadilisha matairi mapya, unapoyahamisha mbele na nyuma, au unaporekebisha presha kwa ajili ya mzigo.

Hatua ya 6: Chumvi, adui wa valvu

Vitabu vya magari huzungumzia sana betri ya sensa. Sisi wa pwani tuna jambo la kuangalia mapema zaidi, nalo ni valvu.

Valvu ya sensa ya ndani mara nyingi ni ya alumini. Kijipini kilicho ndani yake, kile kinachozuia upepo usitoke, cha kawaida ni cha shaba ya manjano. Metali hizi mbili zikigusana kwenye unyevu wenye chumvi, alumini huanza kuliwa. Hewa ya bahari inatufikia sote, Kizingo hadi Likoni, na anayevuka feri kila siku au kuegesha ufukweni Pirates kila wikendi anapata zaidi. Ongeza kuoshea magari kwa maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za kisiwa yana chumvi. Unaona gari linang'aa, kumbe chumvi imekauka kwenye kila pembe ya rimu.

Fungua kifuniko cha valvu utazame kwa karibu. Ukiona unga mweupe kwenye nyuzi za kufungia, au kifuniko kimegoma kutoka, kazi imeshaanza. Unga ule ni alumini iliyooza. Kifuniko cha chuma kikilazimishwa kwa koleo, valvu inaweza kukatika mkononi na tairi likalala hapohapo. Na kijipini kikishagandia ndani, hakitolewi bila kuharibu valvu nzima, pengine na sensa yake.

Kinga yake ni rahisi. Tumia vifuniko vya plastiki vyenye mpira ndani, na vile vya chuma vya urembo uvitupe. Kila vijipini vinapobadilishwa, omba vilivyopakwa nikeli, ambavyo hung'aa rangi ya fedha. Vya rangi ya dhahabu ni vya shaba, viwekwe kwenye valvu za mpira peke yake. Ukirudi kutoka ufukweni, mwagia rimu na valvu maji baridi ya bomba. Na kila mwezi fungua vifuniko vyote vinne, futa kwa kitambaa kikavu, uvirudishe kwa vidole tu.

Chumvi hiyohiyo hula rimu ya alumini pale tairi linapokalia. Upepo unatoka polepole, fundi anatumbukiza tairi kwenye maji haoni msumari, anakurudishia akisema liko zima. Jaribu hivi mwenyewe. Jaza tairi hadi kiwango chake, changanya sabuni ya unga na maji hadi yawe na povu zito, paka kwanza kwenye mdomo wa valvu, kisha chini yake inapoingia kwenye rimu, kisha duara lote pale mpira unapokutana na chuma, pande zote mbili. Subiri dakika kadhaa. Viputo vidogo vinavyoota taratibu, kama mapovu ya maandazi kwenye mafuta, vitakuonyesha pahali penyewe. Vikiwa kwenye duara, tairi litolewe, ukingo wa rimu usuguliwe hadi uwe laini, ndipo lirudishwe.

Hatua ya 7: Kwa fundi wa pancha

Sensa nyingi hazifi kwa uzee. Huvunjwa siku ya kuziba pancha, na wala fundi hakusudii, hakuambiwa tu. Vyuma vya kufungulia tairi vikiingizwa penye valvu vinaikanyaga sensa, na mguu wa mashine ukishuka karibu na valvu unafanya vilevile. Zungumza kabla tairi halijalazwa chini.

"Fundi, hili lina sensa hapa kwenye valvu."

"Hii ya chuma?"

"Ndiyo. Usianzie hapa, tafadhali. Anzia upande wa mbali."

"Sawa, bosi, niekee alama tu."

Mwekee alama ya chaki ubavuni mwa tairi usawa wa valvu. Kazi hiyo ni ya sekunde mbili.

Kama msumari uko katikati ya kashata, ile sehemu inayokanyaga barabara, na tundu ni dogo, kamba ya kuzibia inaweza kukufikisha nyumbani. Ila kwa tairi la safari ndefu, bora litolewe na kutiwa kiraka kwa ndani, kwa sababu hapo ndipo fundi anapoona kama ubavu umeshaliwa. Dawa ya maji ya kuziba pancha, ile ya kwenye kopo, itumie ukiwa huna njia nyingine. Inaweza kuziba kitundu ambacho sensa hupumulia, na hapo itasoma uongo au isisome kabisa. Ukiitumia, mwambie fundi, tairi lisafishwe ndani na sensa ifutwe.

Tairi likitolewa, ndio wakati wa kubadilisha mpira wa chini ya valvu, nati, kijipini na kifuniko. Ni vitu vidogo vinavyouzwa pamoja. Nati isikazwe kwa nguvu za nati ya gurudumu, kwani alumini hukatika kwa urahisi. Omba pia kompresa ya fundi itolewe maji kwanza. Kwa unyevu wa hapa tangi hukusanya maji haraka, nayo huishia ndani ya tairi lako, juu ya sensa na rimu. Kuhusu naitrojeni: si mbaya, ni kavu, lakini hewa ya kawaida nayo asilimia 78 ni naitrojeni, na haitakuondolea kazi ya kupima.

Hatua ya 8: Betri ikiisha

Betri ya sensa hudumu kati ya miaka 5 na 10 na haibadilishwi. Inabadilishwa sensa nzima. Kwa kuwa Kenya inaruhusu magari ya mtumba yasiyozidi miaka 8, gari lako likifika Kilindini sensa zake huenda zimeshatumia sehemu kubwa ya maisha yao. Ya kwanza ikifa na umri wa gari umefika hapo, badilisha zote nne siku utakayoweka matairi mapya, ulipe kazi mara moja.

Jambo la kukagua kabla ya kutoa pesa ni masafa ya redio. Magari ya soko la Japani na Marekani kwa kawaida hutumia MHz 315, ya Ulaya na Uingereza MHz 433.92. Sensa ya 433 ndani ya gari la 315 ni nzima ila gari haliisikii kamwe. Namba hiyo huandikwa kwenye mwili wa sensa ya zamani, kwa hiyo mwambie fundi aitoe akuonyeshe. Zipo pia sensa tupu zinazoprogramiwa kwa gari lolote. Uliza kama anacho kifaa cha kuziandika, na azisome zote kabla hajarudisha matairi. Kugundua baada ya balansi kwamba moja haijibu ni kuanza kazi upya.

Gari halina mfumo

Unaweza kununua seti yenye kioo kidogo cha sola na sensa nne. Zile zinazofungwa badala ya vifuniko vya valvu ni rahisi kuweka, lakini ziko nje kwenye chumvi na mikono ya watu, na uzito wao huisumbua valvu ya mpira iliyozeeka. Zile za ndani ya tairi zinahitaji fundi, ila hukaa. Mimi ningechukua za ndani. Ukichagua za nje, badilisha kwanza valvu za mpira, na kila mwezi zifungue na kuzifuta. Kioo kisiachwe juani juu ya dashibodi gari likiwa limefungwa kutwa.

Safari ya Nairobi

Wengi huuliza kama wapunguze upepo kwa sababu ya milima. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji itasoma karibu PSI 3 zaidi kwa tairi lilelile. Lakini alfajiri ya huko ni baridi, pengine nyuzi 10 pungufu ya alfajiri ya hapa, na baridi hiyo inarudisha chini karibu PSI 2. Vinakaribia kufutana. Jaza Mombasa, asubuhi, kwa kiwango cha stika cha gari lililojaa kama umejaza. Njiani ukipumzika Voi au Mtito Andei usiguse valvu. Shika tairi moja moja kwa kiganja: lililo moto kupita wenzake lina tatizo, hata kama taa haijawaka. Ukifika, pima kesho yake kabla hujaliondoa gari.

Kabla ya kuondoka toa spea, uipime nayo. Ile nyembamba ya dharura inataka kPa 420, yaani PSI 60, na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Kwa kawaida haina sensa, kwa hiyo ukiifunga kwenye gari la sensa za ndani taa itaanza kumetameta baada ya muda. Hiyo ni sawa. Itanyamaza tairi lenyewe likirudi mahali pake.